Waliotupimia Dunia kwa miti na pembetatu

Iulize simu yako umbali wa anga kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Jomo Kenyatta. Itakujibu papo hapo kuwa ni kama kilomita 665, au maili za baharini 359. Mojawapo ya kanuni zinazotumika sana kwa hesabu hiyo ni ya Thaddeus Vincenty, aliyoichapisha mwaka 1975. Imeshatimiza nusu karne. Lakini Vincenty asingekuwa na cha kukokotoa kama umbo la Dunia lisingejulikana, na umbo hilo liligombaniwa kweli kweli.

Newton alisema Dunia imebonyea kwenye ncha. Kina Cassini wa Paris wakashikilia kwamba imerefuka. Mwaka 1735 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ikatuma wapimaji Quito, karibu na Ikweta, wapime urefu wa digrii moja ya latitudo. Wengine, chini ya Maupertuis, wakaelekea Lapland mwaka uliofuata.

Wa Quito tunawajua zaidi kupitia mmoja wao, La Condamine, aliyechapisha shajara yake mwaka 1751. Kwenye uwanda wa Yaruquí walilaza miti iliyopimwa, mmoja ukigusa mwingine, kwa zaidi ya kilomita 12. Makundi mawili yalianzia ncha tofauti, na hesabu zao zikapishana inchi chache tu! La Condamine akataka piramidi mbili zijengwe hapo, zenye maandishi ya kumbukumbu. Maofisa wa Kihispania waliokuwa nao, Jorge Juan na Antonio de Ulloa, wakaona wao na mfalme wao wamedharauliwa. Kesi ikaunguruma Quito. Piramidi zilijengwa, kisha Hispania ikaamuru zivunjwe. Ecuador huru ikazijenga upya mwaka 1836. Uwanja mpya wa ndege wa Quito, uliofunguliwa mwaka 2013, uko katika eneo hilo hilo.

Newton ndiye aliyekuwa sahihi. Digrii moja ya latitudo ina kilomita 110.6 kwenye Ikweta na 111.7 kwenye ncha. Anayeihesabu Dunia kama tufe kamili anaweza kukosea hadi nusu asilimia, yaani makumi ya kilomita kwa safari ndefu.

Afrika nayo ilipimwa. Mwanaastronomia David Gill wa Cape alitoa wazo mwaka 1879: mnyororo wa pembetatu kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ukifuata longitudo ya 30. Mpimaji Martin Hotine alipima kipande cha Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na pengo la mwisho, la Sudan, likazibwa mwaka 1954. Kazi hiyo ilizaa Arc 1960, msingi wa ramani za Kenya, Uganda na Tanzania. Siku hizi setilaiti na WGS 84, mfumo wa vipimo vya Dunia nzima, vimechukua nafasi yake.

Mnyororo kama huo wa Ulaya, wa Struve, uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2005. Wetu haumo, na hilo linaniuma. Wapagazi waliopanda vilima na vyombo vya wapimaji walikuwa babu zetu. Uganda na Tanzania zina kila sababu ya kukaa na majirani zao na kuandika ombi, zikianza kwa kuorodhesha nguzo za upimaji zilizosalia vileleni.