Shajara ya Uhamishoni: Mtindo wa Yi Mun-geon

Mwaka 1545, msukosuko wa kisiasa katika dola ya Joseon ulimtupa mwanachuoni Yi Mun-geon uhamishoni Seongju, alikoishi hadi kufa kwake mwaka 1567. Shajara yake, aliyoiendeleza huko kwa Kichina cha kale, ni ya sentensi fupi: wageni, zawadi, maradhi. Uchungu hautangazwi, umejificha katika mambo ya kila siku. Kwa mjukuu wake, hata hivyo, alitunga mashairi ya malezi. Katika miaka ya 1990, nyuma ya kurasa za shajara hiyo iligunduliwa hadithi ya Seol Gong-chan kwa hati ya Kikorea, hadithi iliyopigwa marufuku mwaka 1511. Hivyo karatasi zile zile zikahifadhi sauti mbili ambazo watawala walitaka zinyamaze.