Miaka ya Uyatima: Jinsi Kanisa la Kilimanjaro Lilivyosimama

Katika mwaka 1920 serikali ya Waingereza iliwarudisha kwao wamisionari Wajerumani wa Misheni ya Leipzig waliokuwa wakihudumu Kilimanjaro na Meru. Walioruhusiwa kubaki, kwa kuwa hawakuwa raia wa Ujerumani, walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Waliondoka wakiacha makanisa, shule, walimu wa vijijini na Wakristo waliobatizwa kwa maelfu. Hawakuacha hata mchungaji mmoja Mwafrika aliyebarikiwa.

Jambo hili yafaa lieleweke, maana uzito wa historia ya miaka ile umo humo. Kazi ya Leipzig ilianza Machame mwaka 1893, ikafika Mamba mwaka 1894, na kuanzia hapo ikaenea pande zote za mlima. Ilikuwa imemwaga damu mapema: mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa huko Akeri, Meru, kabla hawajajenga lolote. Hata hivyo kwa miaka 27 hapakuwa na mwenyeji aliyewekewa mikono. Waalimu walifundisha, walihubiri, walizika wafu na kuwatembelea wagonjwa. Lakini Meza ya Bwana ilitandikwa na mgeni. Alipoondoka mgeni, Mkristo wa kijiji cha mbali aliweza kungoja muda mrefu asione mkate wala kikombe. Wengi wakisimulia majaribu ya wazee wetu hutaja kwanza simba, njaa na machifu wakali. Pengine jaribu kubwa zaidi lilikuwa hilo la kungoja.

Nayo hali ya nchi haikuwapa nafasi ya kupumua. Vita iliyoanza mwaka 1914 ilipiganwa milangoni pao. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi baada ya mapigano makali upande wa Taveta. Vijana walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Vyakula na mifugo vilitwaliwa. Kisha, mwaka 1918, mafua yaliyoizunguka dunia yakaingia katika nyumba ambazo vita ilikuwa imeziacha. Misaada kutoka Ulaya ilikuwa imekatika, na mwalimu aliyezoea kupata ujira mdogo alilazimika kuishi kwa jembe lake na kwa ndizi za majirani.

Sasa ni haki kuuliza: watu hao walimtegemea Mungu kwa namna gani? Kitabu cha kumbukumbu hupenda kuwahesabu mashujaa tu, lakini si wote waliosimama. Wako waliorudia matambiko, wako waliooa mke wa pili, wako waliochoka wakanyamaza. Waliosimama nao hawakuwa watu wasioogopa. Tofauti yao ilionekana katika mambo madogo yaliyofanywa bila kukoma. Siku ya Bwana walikusanyika, hata kama walikuwa wachache. Mwalimu alisoma Neno, akafundisha Katekisimo Ndogo ya Luther, na watoto wakaikariri kama walivyoikariri wazazi wao. Vita huteketeza vitabu. Mafundisho yaliyoshikwa kwa moyo hayana mahali pa kuwashiwa moto.

Hapa yafaa kumkumbuka Bruno Gutmann wa Moshi ya Kale. Wataalamu wameyabishania sana mawazo yake, na si yote yanayostahili kusifiwa. Lakini yeye alishikilia kwamba usharika wa mlimani ujengwe juu ya vifungo ambavyo Wachagga walikuwa navyo tangu zamani: ukoo, ujirani na rika. Wazee wa kanisa walikabidhiwa majirani zao, wawajue kwa majina na kwa shida zao. Gutmann mwenyewe alipoondolewa mwaka 1920, vifungo hivyo havikuondoka naye. Mzee wa jirani hakuhitaji kibali cha serikali ili kuvuka mgomba na kumwombea mjane.

Waraka kwa Waebrania unalifananisha tumaini na nanga ya roho. Ni mfano mzuri, ingawa wengi wa wazee wa mlimani hawakupata kuiona bahari. Walichokijua wao ni mfereji. Maji yanatoka juu, msituni, na hakuna mwanadamu anayeweza kuyaumba. Lakini kila mwaka watu wa mfereji hutoka pamoja kuuzibua na kuziba palipobomoka, na asiyetoka hulaumiwa. Wazee wale walimtegemea Mungu kwa namna hiyo. Hawakudai kwamba uthabiti wao ulitoka kwao wenyewe, wala hawakukaa wakingoja maji yajipitishie njia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Wamarekani wa Kanisa la Augustana walikuja kusaidia, na kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi. Walikuta kundi likiwapo. Usharika wa mlimani unaotimiza miaka 100 katika siku zetu umezaliwa katika kivuli cha miaka hiyo, na waliouanzisha walikuwa wamekwisha kupita katika tanuru. Hata hivyo ilichukua karibu miaka kumi mingine kabla ya somo la 1920 kutendewa kazi. Mwaka 1934 walibarikiwa wachungaji wa kwanza wenyeji katika eneo la Leipzig, na miongoni mwao alikuwamo Lazaro Laiser wa Arusha. Ni vigumu kutosema kwamba walichelewa.

Lakini hawakuchelewa mno. Mwezi wa Septemba 1939 vita ya pili ilipoanza, Wajerumani walikamatwa tena na kuwekwa kizuizini, na fedha zikakatika tena. Safari hii ulimwengu wa Kilutheri ulizipa kazi hizo jina la misheni yatima. Augustana ilibeba usimamizi, akiwamo Elmer Danielson, na Dkt. Richard Reusch, mzaliwa wa Urusi, akaendelea na huduma mlimani. Walakini mambo hayakuwa kama mwaka 1920. Watoto walibatizwa, vijana walipata kipaimara, na Chakula cha Bwana kilitolewa na mikono ya wana wa nchi. Yatima huyu alikuwa amekwisha kukua.

Mwezi wa Novemba 1955 wajumbe wa makanisa ya Kilutheri kutoka pande nyingi za Afrika walikutana Marangu, na wenyeji waliowapokea walikuwa watu wa sharika zile zile. Na tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mkuu wake wa kwanza alikuwa Askofu Stefano Moshi wa Kaskazini. Alizaliwa mwaka 1906. Wamisionari walipoondolewa mwaka 1920 alikuwa kijana wa miaka 14 hivi huko Mamba, wa umri wa kufundishwa na waalimu wale ambao wengi wao hakuna aliyeyaandika majina yao.