Kilo 25 za Namba 27

Jumanne moja saa tatu usiku nilimwongezea namba 27 kilo 15, juu ya 10 nilizokuwa nimeshampa. Hakuna aliyebeba chuma wala kufungua boneti. Nilifungua faili kwenye seva, nikafuta 10, nikaandika 25, nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Ligi yetu ina watu 14, wengi wao wanafunzi wa Dar es Salaam na Nairobi. Tunashindana na magari ya GT3 kwenye Assetto Corsa Competizione, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa Italia. Namba 27 yuko Tanga. Alikuwa ameshinda mbio nne mfululizo na Aston Martin, na hakuna mwingine kati yetu aliyeendesha Aston. Kwenye kundi la WhatsApp watu walikuwa wanatumiana picha za muda wake wa mzunguko, umezungushiwa duara jekundu kama kosa la mtihani.

Magari ya GT3 hayafanani. Porsche injini yake iko nyuma, Bentley ni pana na zito, mengine injini iko katikati. Ili yaweze kupigania kona moja, msimamizi humwongezea uzito mwenye kasi, au humbania tundu linaloingiza hewa kwenye injini. Kazi hiyo huitwa kusawazisha, na kwetu niliangushiwa mimi kwa sababu moja tu: nasoma uzamili wa historia, kwa hiyo eti nimezoea kupima ushahidi.

Tasnifu yangu inahusu mashindano ya Safari ya miaka ya 1950, na ningepaswa kujifunza mapema zaidi kutoka humo. Mashindano ya kwanza, ya mwaka 1953, yaliandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waandaaji hawakuyagawa magari kwa ukubwa wa injini kama ilivyozoeleka Ulaya. Waliyagawa kwa bei ya dukani. Mimi naona ni wazo zuri kuliko mengi yaliyofuata, maana linamjibu mnunuzi swali lake halisi: pesa hii, kwenye tope hili, itanifikisha wapi? Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda na Volkswagen, kobe yuleyule tunayemwona bado akichakaa uani kwa watu. Bei haimwonei mtu. Iko palepale hata dereva awe hodari kiasi gani.

Kwingine kote mizani iliwekwa juu ya matokeo, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mzee wa fani hii si mtu wa magari kabisa. Ni Admirali Henry John Rous, baharia Mwingereza ambaye mwaka 1835 alivuka Atlantiki na meli iliyopoteza usukani. Kuanzia mwaka 1855 ndiye aliyewapangia uzito farasi wa mashindano ya Uingereza: farasi bora abebe zaidi, dhaifu abebe kidogo, ili wote wafike pamoja. Ilitakiwa umjue farasi vizuri. Lakini utamjuaje, kama mwenye farasi ana faida ya kukuficha?

Uwanja wa Brooklands, uliofunguliwa kusini mwa Uingereza mwaka 1907, ulirithi swali hilo. Pale walitumia saa badala ya uzito. Gari dogo kama Austin Seven, lenye injini isiyofika lita moja, lingeweza kuachiwa litangulie, na Napier-Railton ya John Cobb, yenye injini ya ndege ya karibu lita 24, ingesubiri nyuma zikihesabiwa sekunde. A. V. Ebblewhite ndiye aliyepanga nani aondoke lini. Dereva mjanja alijua kwamba akikimbia sana leo, wiki ijayo atasubiri zaidi. Basi alijikunja. Yaani sheria iliyowekwa ili mbio ziwe nzuri ilimpa mtu sababu ya kutokimbia.

Nayaruka mengi hapa, nifike mwaka 2006, Stéphane Ratel alipoanzisha mashindano ya GT3 Ulaya. Dodge Viper ya injini ya lita zaidi ya nane ilitakiwa ishindane na Porsche ya lita chini ya nne. Magari yalipimwa, yakawekewa uzito na vibana hewa. Lakini kilichonishtua nilipokisoma ni jambo la pembeni: katika mbio za namna hii, dereva naye hupangiwa daraja lake, platinamu, dhahabu, fedha au shaba. Gari lina mizani yake na mtu ana yake. Hazichanganywi.

Si kwamba ugomvi uliisha. Le Mans ya mwaka 2016 Ford GT zilitamba kwenye mbio za kupanga nafasi, na kabla ya mbio zenyewe zikaongezwa kilo 10 na kupunguzwa nguvu. Zilishinda kundi lao vilevile. Siku hizi kanuni za mashindano ya dunia ya masafa marefu zinazikataza timu kuzungumzia usawazishaji hadharani ili kuushawishi. Nilipoisoma kanuni hiyo nilikumbuka kundi letu la WhatsApp, nikaona wivu.

Baada ya mbio za tano namba 27, aliyemaliza wa tisa, alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake feni ilikuwa inalia. Hakunitukana. Alisema anafanya mazoezi kuanzia saa sita usiku kwa sababu ndipo bando linaposhuka bei, na usukani wake ameufunga kwenye meza ya kupigia pasi. Kisha akauliza: "Kaka, ulilipima gari, au ulinipima mimi?"

Seva yetu ina mafaili mawili. Moja linagusa aina ya gari kwenye uwanja fulani. Jingine linamgusa mtu, kwa jina na namba yake. Mimi niliandika kwenye lile la magari, kwa kuwa ndilo linaloonekana halina chuki. Lakini Aston ilikuwa moja tu. Nilimwadhibu mtu nikasingizia gari, na sikuwa hata nimelijaribu.

Kinachoniuma ni kwamba sikuwa na kisingizio cha Rous wala cha Ebblewhite. Ndani ya kompyuta hakuna bolti ya kuficha. Aston yake ndiyo Aston yangu, hadi msumari wa mwisho. Jumamosi niliziondoa kilo zote, nikaendesha mizunguko 20 Monza kwa Aston, 20 kwa Porsche, 20 kwa Bentley, mafuta sawa, joto sawa, mkono uleule mbovu. Tofauti kati ya gari la kasi na la pole haikufika sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa namba 27 nilikuwa nyuma zaidi ya sekunde nzima, nikiwa kwenye gari lake.

Niliandika matokeo kwenye kundi, nikaomba radhi, nikaweka pendekezo la madaraja mawili ya madereva. Watu wanane walikubali. Wawili walisema namba 27 lazima ana programu ya siri. Yeye mwenyewe alikaa kimya wiki tatu, na nafasi yake kwenye orodha niliiacha wazi.

Jana kajiandikisha tena. Safari hii kachagua Porsche. Hazikupita dakika tano, mtu kaniandikia pembeni kuuliza kama Porsche sitaiongezea kilo kidogo.