Filimbi, kadi na bendera: namna ya kutunza vyombo vya mwamuzi wa mupira

Kwenye viwanja vya udongo, kama huku Koni na Likasi, vumbi ya kiangazi inaingia hata ndani ya filimbi. Mwamuzi anapuliza, sauti inatoka kidogo, wachezaji wanaendelea, goli inaingia. Pale njo fujo inaanza: hawa wanasema alipiga, wale wanasema hawakusikia.

Sheria ya 5 ya mupira inaomba mwamuzi awe na filimbi, saa, kadi ya njano na nyekundu, pamoja na kitabu kidogo cha kuandika.

Filimbi. Ile ya zamani iko na kidude cha mviringo ndani, cha korki ao cha plastiki. Mate yakichanganyika na vumbi, kidude kinanata. Kiisha mechi, ioshwe na maji ya uvuguvugu na sabuni, ikung'utwe, ikauke kivulini. Maji ya kutokota yanapinda plastiki, na korki ikilowa sana inavimba. Ron Foxcroft wa Kanada, mwamuzi wa basketi, filimbi yake ilikwama katikati ya mechi. Mwaka 1987 akaleta filimbi isiyo na kidude. Hiyo inaomba tu matundu yake yawe safi. Ikiteleza kwenye meno, kipande cha mupira wa ndani wa kinga kinaweza kuvalishwa pale pa kuuma, bila kuziba tundu. Filimbi haiazimwi: mate yanabeba magonjwa.

Kadi. Zilianza kwenye Kombe la Dunia la 1970, Meksiko. Jua ikifubaza njano, ibadilishwe. Kuzifunika na skochi kunazilinda na jasho na mvua. Kila moja iwe na mufuko wake. Na wengine wanakata kona moja ya ile nyekundu, ili vidole viijue bila macho kutafuta.

Bendera. Mpini ukizungushiwa utepe hautelezi mkononi. Kitambaa kifuliwe, rangi ionekane toka mbali.

Saa. Mbili ni bora: moja haisimamishwi hata kidogo, ingine inasimamishwa wakati wa majeruhi. Kama betri inachoka, ibadilishwe mbele ya siku ya mechi.

Mbele ya kutoka nyumbani, mwamuzi apulize mara tatu. Kama jirani hajauliza kuna nini, filimbi hiyo bado ni chafu.