Kibao cha Barabara ni cha Nani?

Wasee, mmeshaiona ile ngao nyeupe ya Route 66 kwenye tisheti na stika za magari. Umewahi kujiuliza ni nani Marekani anadai pesa mtu akiichora? Hakuna. Mchoro wa ngao yenyewe ni miliki ya umma.

Hiyo ngao ni ya 1926, mwaka ambao majimbo yalikubaliana kuhusu nambari za barabara kuu zinazovuka mipaka yao. Kwa barabara za ndani, kila jimbo lilibaki na uhuru wa kujichagulia kibao. California ikachora sepetu, kuwakumbuka wachimba dhahabu wa 1849. Utah ikaweka mzinga wa nyuki, Kansas alizeti, nayo Washington ikaweka kichwa cha George Washington mwenyewe.

Sasa sheria. Kazi za serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki. Majimbo hayako hivyo. Jimbo linaweza kudai hakimiliki ya kazi yake. Kinachookoa vibao ni mambo mawili. Kwanza, mwongozo wa kitaifa wa alama za barabarani unasema michoro iliyomo ndani yake ni ya umma. Pili, kazi nyingi zilizotolewa kabla ya 1978 bila tangazo la hakimiliki zilipoteza ulinzi. Lakini chunga: ile ngao nyekundu na buluu ya Interstate ni alama ya biashara iliyosajiliwa.

Halafu kuna New Mexico, na hapa ndipo mambo yanakuwa mazito. Kibao chake kina jua lenye miale minne kila upande. Jua hilo ni alama takatifu ya watu wa Zia, wenyeji wa huko. Lilitolewa kwenye chungu chao, likawekwa kwenye bendera ya jimbo 1925, kisha likafika hadi kwa vibao vya barabara. Wazia wanasema hakuna aliyewaomba ruhusa, na kwa miaka mingi wamedai watambuliwe na walipwe fidia.

Ndio maana mimi husema "miliki ya umma" inajibu swali moja tu: nitashtakiwa ama sitashtakiwa? Haikuambii kitu kilichukuliwa kwa nani kabla kiwe cha kila mtu.

Kwa hivyo wewe unayechapa tisheti ama kutengeneza video, angalia sheria, sawa. Lakini pia uliza chungu kilikuwa cha nani.