Upande wa Pili Anacheza Nani?

Machi 2020, mpaka wa Rwanda na Kongo ulipofungwa kwa sababu ya korona, babu yangu wa Rubona alibaki bila mpinzani. Rafiki yake aliishi Goma, na kila Jumamosi alivuka kuja kucheza igisoro. Babu hakuuweka ubao pembeni. Alikaa upande mmoja akacheza, akainuka, akazunguka, akakaa upande wa pili. Bibi alisema mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Anayejua bao ataelewa igisoro upesi: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, kila mchezaji 32. Kete zinazoliwa hazitoki ubaoni, bali aliyezila huzipanda upande wake. Wanaoandika juu ya mchezo huu hutaja ikulu ya mwami na watu wawili wanaotazamana. Mzee anayezunguka ubao peke yake sijamkuta kokote.

Siku hizo nami nilicheza peke yangu, kwa dadu za ludo na kitabu kilichokuwa kwenye simu. Michezo ya mezani ya kuigiza wahusika ilipata umbo lake Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Ilihitaji kundi: mmoja anasimulia, wengine wanaigiza. Lakini mwaka 1975 tu Gygax alichapisha majedwali ya kumwezesha mtu mmoja kuchora pango kwa kurusha dadu, na 1976 Rick Loomis akatoa Buffalo Castle, kisa cha mchezaji mmoja. Changu kilikuwa The Warlock of Firetop Mountain cha Steve Jackson na Ian Livingstone, cha mwaka 1982: aya 400 zenye namba, dadu mbili na penseli.

Ni rahisi kusema michezo hiyo ilizaliwa kwa kukosa wenzi. Nakubali nusu. Swali linalonivutia zaidi ni kitu gani kilishika nafasi ya mwenzi. Kwangu ilikuwa dadu, maana sikujua itaangukaje. Igisoro hakina dadu, na babu aliijua mipango yake yote. Basi nikamwuliza, "Babu, upande wa pili anacheza nani?"

Alinishangaa. "Si yeye? Ana haraka, hupenda kula kabla hajatazama nyuma. Nikikaa pale, nacheza kwa haraka yake."

Kumbe babu alikuwa akiigiza mhusika, bila kitabu wala dadu. Nilianza kuandika matokeo kwenye daftari langu la hesabu, na ndilo chanzo changu kikuu hapa: michezo 67, wa Goma ameshinda 38.

Mpaka ulipofunguliwa, rafiki alikuja, amekonda. Nilimwonyesha daftari. Akadai ahesabiwe ushindi wake wote. Babu alikataa katakata, wakabishana hadi chai ikapoa.