Kitabu Kizima juu ya Punda

Mnamo mwaka 1695 tabibu mmoja wa mji wa Eisenach, katika Ujerumani ya kati, alitoa kitabu kizima kinachomzungumzia punda. Hakikuwa kitabu cha mzaha, wala hakikutungwa kwa ajili ya watoto. Kiliandikwa kwa Kilatini, iliyokuwa lugha ya wanazuoni wa Ulaya, na ndani yake punda alielezwa kwa historia yake, maumbile yake na manufaa yake katika utabibu. Mwandishi huyo alikuwa Christian Franz Paullini, aliyezaliwa mwaka 1643. Kabla ya kumfikia punda alikwisha mwandikia mbwa kitabu chake (1685), na chura (1686), na fuko (1689), na sungura (1691), na mbwa-mwitu (1694). Mwaka 1704 akaiandikia kitabu kungumanga, hii hii ambayo mama zetu huikwaruza wakaitia katika vyakula vitamu.

Huenda msomaji akauliza: hawa watu hawakuwa na kazi? Walikuwa nayo, na sababu yake ni ya kueleweka. Ujerumani ilikuwa imetoka katika vita vya miaka 30, kuanzia 1618 mpaka 1648, vita vilivyoacha miji imeungua na mashamba yamekuwa pori. Miaka minne tu baada ya vita hivyo kwisha, yaani mwaka 1652, matabibu wanne wa mji mdogo wa Schweinfurt, wakiongozwa na Johann Laurentius Bausch, waliunda jumuiya ya kuchunguza maumbile. Waliwekeana sharti: kila mmoja achague kitu kimoja, kikiwa ni mnyama, au mmea, au jiwe, kisha akiandikie yote yanayojulikana juu yake, majina yake, mahali kinapopatikana, aina zake, na dawa zinazotengenezwa kwacho. Kwa maoni yao, tabibu asiyeijua dawa yake inakotoka ni sawa na muuza duka asiyeijua bidhaa yake.

Kazi ilikwenda polepole, kwani matabibu hao walikuwa na wagonjwa wa kuwahudumia. Mwaka 1661 Philipp Jacob Sachs wa Breslau akatoa kitabu cha mzabibu, na mwaka 1665 akatoa cha kaa na kamba. Tangu mwaka 1670 jumuiya ikawa na jarida lake, na mtu aliyekuwa na habari fupi akaweza kuileta bila ya kungoja mpaka iwe kitabu. Jumuiya hiyo ingali hai hata leo, na makao yake ni mji wa Halle.

Ama sisi Waislamu hatuna haki ya kuwacheka kwa kuwa walitazama vitu vinyonge. Katika Qur'ani Tukufu zimo sura zilizoitwa kwa jina la nyuki, la chungu na la buibui. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 3 ya Hijra, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, akasimama kwa mdudu kama alivyosimama kwa tembo. Na Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra (1405), aliwapanga wanyama kwa herufi, na kila mmoja akamtajia jina lake, hukumu ya kumla, methali zinazomhusu, na dawa zinazosemwa kuwa zimo mwilini mwake. Zaidi ya miaka 200 baadaye Wajerumani nao wakashika mtindo unaokaribia huo.

Lakini Paullini hakuishia kwa punda. Mwaka 1696 alitoa kitabu kingine, safari hii kwa Kijerumani ili kila mtu akisome, akakiita Duka la Dawa za Uchafu. Katika jina lake refu alidai kwamba kwa mavi na mkojo takriban kila ugonjwa huponyeka, hata sumu na uchawi, tangu utosini mpaka unyayoni. Hoja yake ilikuwa kwamba dawa za madukani ni ghali, na maskini anacho cha kujitibia bila ya malipo. Shida ya maskini aliiona sawasawa. Lakini alichompa hakikuwa dawa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i vitu hivyo ni najisi hata vikitoka kwa mnyama anayeliwa, na wanazuoni walioruhusu kujitibu kwa najisi waliweka masharti: iwe hapana dawa tohara, na mjuzi athibitishe kuwa inafaa. Sharti hilo la pili ndilo alilolikosa. Alikusanya aliyoyasoma katika vitabu vya kale, aliyoyasikia kwa watu na aliyoyaona kwa wagonjwa wake, akayamimina katika kapu moja. Kitabu kilipata wasomaji wengi, kikachapwa mara kwa mara, na mwaka 1847 kikatolewa tena mjini Stuttgart. Hapana ajuaye ni mama wangapi waliwanywesha watoto wao yaliyomo.

Lipo na zito kuliko hilo. Paullini alijifanya mwanahistoria pia. Alitoa tarehe za kale zinazohusu mji wa Höxter na nyumba ya watawa ya Corvey iliyo karibu nao, akidai kuwa ni maandishi ya watu wa zamani. Wanahistoria wa Kijerumani wa karne ya 19 na ya 20 walipoyapima, walikuta kwamba kuna aliyoyaghushi. Mtu huyu, aliyekuwa na elimu na cheo, alitunga mashahidi.

Hapa mwanafunzi wa hadithi atatambua mara moja anachokitazama. Wanazuoni wetu walipopokea habari hawakutazama maneno peke yake. Walimtazama aliyeyapokea: ni mkweli? ana hifadhi? alikutana kweli na huyo anayedai kumsikia? Aliyepatikana na uongo wa makusudi katika hadithi moja, riwaya zake ziliwekwa kando, hata zile zinazopendeza. Paullini wa tarehe za Höxter ndiye yule yule wa punda, wa chura na wa Duka la Dawa za Uchafu, na anayesimulia ndani yake kwamba fulani alitibiwa hivi akapona ni yeye mwenyewe.

Wenzake wa Schweinfurt na Breslau hawana lawama hiyo. Nao pia walinakili mengi yasiyo na msingi, kwani ndivyo elimu ilivyokuwa zama hizo, lakini kunakili kosa la mwingine si sawa na kulibuni. Paullini alifariki mjini kwake Eisenach mwaka 1712, na wale waliojenga historia ya Höxter juu ya maneno yake walikuja kulazimika kuibomoa na kuianza upya.